Ugali Wenye Mikono Minne

Saa saba kasorobo mchana, Ijumaa moja ya mwezi wa kumi mwaka wa themanini na nne, Mbinya aliupindua ugali kutoka kwenye sufuria hadi kwenye sinia ya bati, akaupigapiga mgongoni kwa mwiko uliolowa maji, kisha akangoja mvuke upungue. Mvuke ulipopungua, mikono ilikuwa minne.

Haikuwa mikono ya nyama. Ilikuwa alama tu, kama zile anazoacha mtu akiegemea ukuta wa udongo ambao haujakauka. Kila alama ilikuwa imezama, na pale ilipozama ugali haukuwapo. Mkono wa kwanza ulikuwa mpana, na pete nene kwenye kidole cha kati. Wa pili ulikuwa mzito, gumba lake bapa kama kijiko. Wa tatu ulikuwa mdogo na laini, na kidole chake cha mwisho kilikuwa na ukucha mrefu. Wa nne ulikuwa mkono wa kulia wa mwanamke, nao ulikuwa na vidole vinne tu. Kidole cha mwisho hakikuwapo.

Mbinya aliutazama huo wa nne kuliko mingine. Kisha akawaita watoto wake watatu waje wanawe.

"Leo ni mingapi?" akauliza Ndinda, kitinda mimba.

"Minne."

"Jana ilikuwa mitatu."

"Mimi si kipofu. Kaa ule."

Wakala na mboga ya kunde. Zamani ugali wa paketi moja ulibaki kipande cha jioni, kikafunikwa kwa sahani. Siku ile hakikubaki kitu, na Ndinda akalamba mwiko pande zote mbili.

Njaa ya mwaka ule ilikuwa na jina, kwa sababu kwetu njaa hupewa jina kama mtoto. Iliitwa Nikw'a Ngwete, maana yake nakufa nikiwa nimeshika. Kilichoshikwa kilikuwa pesa. Watu walikuwa wameuza mbuzi, wameuza vyondo, vikapu vyao vya kufuma, wametumiwa kitu kidogo na vijana walioko Mombasa, wakaja nazo sokoni Mbumbuni zikiwa zimekunjwa kwenye pindo la leso, na unga hakuna. Mahindi yalikuwapo mahali pengine, lakini gunia halikuweza kutoka wilaya moja kwenda nyingine bila kibali, na kibali kilitiwa sahihi mjini na karani mmoja mwenye pete nene. Kila aliyewahi kusimama mbele ya meza yake aliijua ile pete, kwa sababu aliigongesha mezani akingoja mtu aelewe. Ndiyo maana mkono wa kwanza haukumsumbua mtu. Ukikaa kwenye ugali, watu walisema, "Huyo ni karani," kama vile ungesema huyo ni jogoo wa jirani ameingia tena.

Mkono wa pili, wenye gumba bapa, ulikuwa wa Mzee Kilonzo wa Tawa, mwenye lori na ghala. Unga wote wa upande ule ulipitia kwake, kwa sababu leseni ya kuusambaza alikuwa nayo peke yake. Wa tatu, wenye ukucha, haukujulikana. Watu waliuzoea hivyo hivyo bila jina.

Mkono wa mtu aliyelima mahindi haukuonekana kwenye ugali wowote. Walitafuta.

Wa nne Mbinya hakuhitaji kuuliza. Kile kidole kisichokuwapo alikikata yeye. Walikuwa wasichana wa miaka tisa, yeye na Nzilani, wakichunga mbuzi kwenye mteremko, Nzilani akaingiza mkono chini ya jiwe kutoa kijiti na nyoka akamuuma kidole cha mwisho. Mbinya alikuwa na panga la kuni. Alikiweka kile kidole juu ya jiwe, akafumba macho, akayafumbua tena ili asikosee, akakata. Kisha akambeba Nzilani mgongoni hadi kwao, na mbuzi wakafuata nyuma wenyewe. Jioni alirudi peke yake akakizika kidole. Tangu siku ile, kukiwa na mlango mzito wa kusukuma, Nzilani husema, "Wewe sukuma, mimi nina vidole tisa," na Mbinya husukuma.

Sasa Nzilani alikuwa na duka pale Mbumbuni, na Mbinya alikuwa mjane mwenye watoto watatu na ufumaji wa vyondo.

Duka lilikuwa safi. Ukutani, kwa misumari minne, palikuwa na karatasi ya bei kutoka serikalini, yenye muhuri. Unga, bei yake. Sukari, bei yake. Maziwa, mafuta ya taa, kila kitu na bei yake. Nzilani aliuza unga kwa bei ya karatasi, hakuzidisha hata ndururu. Lakini ukisimama kaunta ulisikia hivi:

"Unga iko?"

"Iko na wembe."

Bila wembe hakukuwa na unga. Wembe haukuwa kwenye karatasi ya serikali, kwa hivyo bei yake ilikuwa ile anayotaka mwenye kuuuza. Mzee Kilonzo ndiye alileta mpango huo. Kwa kila mabunda kumi ya unga, mwenye duka alichukua katoni moja ya nyembe, ghali, atake asitake. Kwa hivyo mwaka ule, mwaka ambao watu walikonda hadi viatu vikawa vikubwa, hakuna nyumba Mbumbuni iliyokosa wembe. Nyumba ya Mbinya, ambayo haikuwa na mtu wa ndevu tangu mumewe azikwe, ilikuwa na nyembe kumi na moja, zimechomekwa ukutani moja moja, katika makaratasi yake.

Hayo yote watu waliyajua. Wiki ile, juu ya bei ya Kilonzo, Nzilani aliongeza sumuni yake mwenyewe kwa kila wembe. Binti yake Mutindi alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Sumuni si kitu, alijiambia. Ni nusu shilingi. Siku ile ile mikono ikawa minne.

Yeye hakujua, kwa sababu kwenye ugali aliojipikia mkono wake haukuwapo. Hakuwa amejiuzia unga.

Alijua Jumatano, kwenye foleni. Wanawake walikuwa wanangoja lori na wakategeana vitendawili, kama watu wanavyofanya tumbo likiwa tupu na miguu imechoka. Mbele alikuwa Syombua, mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha wanawake cha kuchimba matuta na bwawa. Alikuwa mama mzee mwenye meno matatu na maneno mengi.

"Kwata ndai," alisema Syombua, maana yake shika kitendawili.

"Nakwata," wakajibu.

"Amekaa katika sahani yangu na hajanawa."

"Karani!"

"Haya. Kwata ndai."

"Nakwata."

"Nyumba haina ndevu lakini ina nyembe kumi na moja."

"Kwa Mbinya hiyo," akasema mmoja, na wakacheka, Mbinya naye akacheka.

"Kwata ndai," Syombua akaendelea. Alikuwa ameshika kaunta kwa mikono miwili. "Ananila kwa vidole vinne na ananiita dada."

Hakuna aliyesema nakwata. Wanawake walitazama karatasi ya bei ukutani kama watu wanaosoma. Mbinya aliinama akafunga kamba ya kiatu, na viatu vyake havikuwa na kamba.

Nzilani aliingiza mkono wa kulia kwenye mfuko wa aproni. Kuanzia saa ile alipima sukari kwa mkono wa kushoto, akatoa unga kwa mkono wa kushoto, akarudisha chenji kwa mkono wa kushoto. Sasa, kwetu kumpa mtu kitu kwa kushoto ni kumtukana, na huyu alikuwa ni mwanamke aliyefundisha watoto Shule ya Jumapili. Watu walipokea wakasema asante. Kama angetembea uchi pale kaunta wasingeona zaidi ya walivyoona.

Kesho yake, Alhamisi, ilikuwa siku ya mwethya. Siku za mwethya kila mwanamke alileta kikombe cha unga, ukapikwa kwenye sufuria moja kubwa pale bwawani. Nzilani alikuja na jembe lake kama wengine. Saa saba wanawake wawili waliinua sufuria kwa matambara na kupindua ugali kwenye beseni.

Kwa kuwa ugali ulikuwa mkubwa, na mikono ilikuwa mikubwa. Pete ya karani ilikuwa kama kifuniko cha debe. Mkono wa vidole vinne ulikuwa mkubwa kama jembe, ukaonekana mpaka mistari ya kiganja, mpaka kovu dogo pale panga lilipopita.

Nzilani aliuona. Aliutambua kama mtu anavyoitambua sauti yake ikirudi kutoka upande wa pili wa bonde.

Syombua aliomba. Alimshukuru Mungu kwa chakula na kwa mikono iliyokiandaa, akakohoa kidogo, akasema amina. Wakala.

"Nzilani, njoo karibu," alisema Mbinya. "Kitapoa."

"Nimeshiba."

"Umeshiba na nini?"

"Nilikula uji."

Alikaa kando na jembe lake magotini mpaka walipomaliza. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomfanya ashindwe kuinua macho. Kama Syombua angemrushia tope, angekuwa na kitu cha kujipangusa.

Ijumaa alikwenda Tawa kwa Mzee Kilonzo. Alimkuta ghalani kwenye kiti cha kamba, anakula ugali na maziwa ya mgando. Ugali wake ulikuwa na mikono miwili tu, wa karani na ule wa ukucha.

"Mzee, nimekuja kuomba unga bila wembe."

"Unga bila wembe." Kilonzo alitafuna akameza. "Binti yangu, hata mimi ningeutaka. Nimelipia kibali. Nimelipia lori lililolala kwenye mizani ya barabarani siku mbili. Hizo nyembe nilipewa kwa lazima na mwenye kinu. Nizipeleke wapi, ninyoe ng'ombe?"

"Watu wanaona mkono wangu."

"Aa." Aliinua gumba lake bapa, akalitazama mbele na nyuma. "Wangu uko huko tangu njaa ya Ndeke, ile ya ndege kuangusha chakula. Mwanzoni nilikuwa nakwepa kanisa. Sasa mimi ni mzee wa kanisa. Unazoea."

"Na karani, kwake kuna mkono wa nani?"

"Sijui. Yeye hula wali."

Nzilani alirudi na mabunda kumi na katoni yake ya nyembe. Njiani aliamua. Jumamosi asubuhi alipofungua mlango, Mbinya alikuwa wa kwanza.

"Unga iko?" Mbinya aliuliza.

"Iko."

"Na wembe?"

"Bila wembe."

Alimpa paketi kwa mkono wa kulia. Mbinya aliipokea kwa mikono yote miwili, akasimama pale kitambo kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Mchana ule ugali wake ulikuwa na mikono mitatu, na kipande cha jioni kikabaki chini ya sahani. Ndinda alikihesabu kama mgeni.

Kwa siku tatu Nzilani aliuza unga mtupu. Nyembe za katoni ile zilikaa stoo, na hasara ikawa yake. Alijiambia kwamba Mutindi atasoma mwaka ujao. Siku hizo tatu alitoa chenji kwa mkono wa kulia, na Syombua akamtegea kitendawili cha kuku ili acheke, akacheka.

Siku ya nne alikuja mkaguzi wa bei, Bwana Musembi, kwa pikipiki, na faili lililofungwa kwa mpira. Alikuwa mtu mpole, sauti ya chini. Alisoma karatasi ya ukutani mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Kidole chenyewe kilikuwa cha mwisho, chenye ukucha mrefu.

"Bei ni sawa, mama," alisema. "Unafuata serikali vizuri. Nionyeshe stoo."

Akamwonyesha.

"Hizi nyembe mbona haziko dukani?"

"Watu hawazitaki."

"Una bidhaa ndani na huuzi." Alifungua faili, akalifunga. "Hiyo ni kuficha bidhaa. Wakati wa njaa kama huu, mama, hilo ni kosa kubwa sana."

"Wembe hauliwi, Bwana Musembi."

"Sheria haikusema kinacholiwa." Alitazama jua. "Hata sijala tangu asubuhi."

Kwa hivyo alimpikia. Alipika ugali na kuku aliyekuwa anamfugia Krismasi, akaupindua kwenye sinia mbele yake. Mvuke ukapungua. Mikono ilikuwa mitatu, wa karani, wa Kilonzo, na wa ukucha. Nzilani alitazama ugali, akatazama mkono wa mgeni uliokuwa unanawa, akatazama ugali tena. Bwana Musembi naye alitazama. Alikuwa ameula ugali huo katika nyumba nyingi. Alishika ukingo wa sinia kwa vidole viwili, akaizungusha taratibu mpaka alama yake ikawa upande wa Nzilani, akaanza kula upande uliokuwa mzima.

"Unapika vizuri, mama," alisema.

Nzilani alimega kwenye ukingo wa ule ukucha, akala. Ilikuwa mara ya kwanza kula mbele ya mtu tangu siku ile ya vitendawili.

Bwana Musembi aliondoka na mabunda mawili, ambayo aliyaita ushahidi, yamefungwa nyuma ya pikipiki. Hakuandika kitu kwenye faili. Alisema angepita tena mwisho wa mwezi aone kama nyembe zimepata nafasi dukani.

Jioni hiyo Nzilani alitoa katoni stoo akaipanga kwenye rafu, chini ya karatasi ya serikali. Ili kuyarudisha mabunda mawili na siku tatu za hasara, sumuni ilikuwa haitoshi. Aliweka shilingi nzima kwa kila wembe. Aliandika kwa chaki, akafuta, akaandika tena, na mara ya pili maandishi yalikuwa madogo zaidi lakini ilikuwa shilingi ile ile.

Asubuhi foleni ilisoma ile chaki. Syombua, aliyekuwa mbele, alitoa pesa bila kitendawili. Mbinya alifuata.

"Unga iko?"

"Iko na wembe," alisema Nzilani. Alisema akitazama mizani.

Mbinya alilipa. Alipochukua paketi na wembe wake wa kumi na mbili, akasema, "Jumapili baada ya ibada uje tule kwangu."

"Mbinya."

"Uje. Na huo mlango wako umeanguka bawaba, nitausukuma mimi, wewe una vidole tisa." Akausukuma, akatoka.

Nzilani hakutaka kwenda. Ibada ilipokwisha alizunguka nyuma ya kanisa, akazungumza na watu ambao hakuwa na neno nao, akajifanya anatafuta leso iliyokuwa kichwani mwake. Mwishowe Ndinda alitumwa, akamshika mkono wa kulia, pale pa kidole kisichokuwapo, kama alivyozoea kumshika, akamwongoza.

Jikoni kwa Mbinya nyembe kumi na mbili zilikuwa ukutani. Waliketi kwenye vigoda. Nzilani alinawishwa na Ndinda, mikono yote miwili, na ilichukua muda kwa sababu Nzilani hakuitoa upesi.

Mbinya aliupindua ugali. Waliungoja mvuke. Mikono ilikuwa minne, na wa nne ulikuwa umezama kuliko yote, karibu kufika bati. Ulikuwa kiganja kizima, kovu na mistari. Nzilani alitazama magoti yake.

"Nilijaribu," alisema.

"Nilikula kujaribu kwako siku tatu," alisema Mbinya. "Kulikuwa kutamu."

"Nitaipunguza. Huyo mtu akipita, mwezi ukiisha, nitaipunguza."

Mbinya aliwajua watu wa pikipiki, na alimjua Nzilani, na aliijua miezi. Alishika sinia, akaizungusha mpaka ile alama ya vidole vinne ikaja upande wake mwenyewe na wa watoto, na upande mzima ukawa mbele ya mgeni.

"Kesho unga iko?" aliuliza, kama mtu anayeulizia mvua.

"Iko."

"Na wembe."

"Na wembe."

"Haya. Kula."

Nzilani hakuweza kuanza. Basi Mbinya alianza. Alipeleka mkono kwenye ile alama, akavipita vidole vinne vilivyozama, akafika mwisho wa kiganja, mahali palipokuwa pa kidole alichokikata wakiwa na miaka tisa. Pale ugali ulikuwa umeinuka, haujaguswa, kipande chembamba chenye urefu wa kidole cha msichana. Alikimega chote, akakichovya kwenye mboga, akampa Ndinda.

"Wewe chukua hapa," alimwambia. "Hapa ndipo ugali umebaki."